Ombi la Kupunguziwa Maili za Mama Mkwe

Temple Hills, Maryland
Jumatatu, baada ya chakula cha mchana

Kwa Mzee Eliudi,
Mwenyekiti, Kamati ya Mila,
Umoja wa Watu wa Magharibi, Tawi la Oxon Hill.

Mzee wangu mheshimiwa,

KUH: MAILI SITINI NA NNE KILA JUMAMOSI, KWA BEI HII YA PETROLI

Natumai barua hii itakukuta mzima, na lile goti lako la kushoto limepoa. Kwetu hatujambo sote, isipokuwa petroli. Nakuandikia kwa heshima zote, kama mwanachama ambaye hajakosa mkutano ila ile miwili, na kama mkwe anayejua mipaka yake, kulalamikia uamuzi ambao Kamati yako iliutoa uani kwangu mwezi wa tano, mbele ya sahani ya mandazi ambayo, nakumbuka vizuri, ilirudi jikoni tupu.

Kwa faida ya wanakamati ambao hawakuwapo siku ya mandazi, wacha nianze mwanzo. Mama mkwe wangu, Mama Euphrasia, alikuja kutoka Kakamega mwezi wa nne kumtembelea binti yake Audrey, ambaye ni mke wangu, na mjukuu wake Queen, mwenye miaka tisa. Sisi watu wa Magharibi ya Kenya tunajua: mama mkwe halali chini ya paa la mkwewe. Hampi mkono, hali naye meza moja, na wakikaribia kukutana njiani mmoja hukumbuka ghafla kwamba ana shughuli upande mwingine. Wengi wetu hapa Marekani tumeikunja mila hii tukaiweka kabatini pamoja na makoti ya baridi. Mama Euphrasia hakuikunja. Alishuka na mabegi mawili, akasimama kwenye nyasi, akauliza atalala wapi.

Nami nilikuwa nimejipanga. Nilikuwa nimenunua RV, lile gari refu lenye kitanda, jiko na choo ndani, ambalo wenyeji hulitumia kwenda kutembea milimani. Hoja yangu ilikuwa nyepesi: gari si nyumba, na paa la gari si paa la mkwe. Mama alilizunguka mara mbili, akalipiga gurudumu teke, akakubali. Nilimwahidi hata kumpeleka Niagara akaone maporomoko. Kisha bei ya petroli ikapanda. Gari hili humaliza galoni kwa maili nane, tena likiwa limeamka vizuri. Basi likabaki kando ya nyumba hadi nyasi zikaota kati ya magurudumu.

Ndipo ulipokuja wewe na wajumbe wako kunywa chai. Uliinama (nadhani goti liliumia siku hiyo), ukachungulia chini ya gari, ukasema: "Elkanah, mwanangu, hii kitu haimove. Gari isiyomove ni nyumba." Kamati ikaamua papo hapo. Ili RV libaki gari, kila Jumamosi nilizungushe Beltway yote, ile barabara kuu inayolizunguka jiji, maili sitini na nne, Mama akiwa ndani. Nikikosa Jumamosi moja, basi ni nyumba niliyomjengea, mila imevunjika, nitoe mbuzi na blanketi, naye apande ndege arudi kwao. Mama aliposikia hayo alifunga begi moja, la pili akaliacha wazi, akasema tutaona Jumamosi.

Jumamosi kumi nimetii. Sasa sikiliza malalamiko yangu.

1. Petroli yenyewe. Kila nikipita kituo cha hapa kwetu, zile namba za kwenye kibao zimebadilika, na hazijabadilika hata siku moja kwa kunihurumia. Gari langu dogo nimeliegesha ili petroli ya wiki nzima impate Mama. Kazini kwangu, kule Germantown ninakohudumia wazee, sasa nabebwa na mwenzangu wa zamu, mtu mwema ambaye huimba pambio moja tangu mlangoni kwangu hadi mlango wa kazini. Ubeti wa tatu haujui, kwa hiyo huurudia wa pili.

2. Nashtakiwa pande mbili kwa kosa moja. Jirani yangu Zalika ni katibu wa chama cha wakazi wa mtaa wetu. Amezaliwa hapa hapa Maryland, Kiswahili alikisomea chuo kikuu, na anakizungumza kwa usafi unaotutia aibu sisi tuliokinyonya. Ameniandikia: "Jirani mpendwa, chombo hicho cha usafiri hakiruhusiwi kuegeshwa hapo zaidi ya siku mbili." Kwa Zalika ni gari, kwa hiyo liondoke. Kwa Kamati ni nyumba, kwa hiyo Mama aondoke. Naomba mkutane mkubaliane ni kitu gani, halafu mnijulishe nina kosa lipi. Na sijui Zalika yuko upande gani, maana kila alasiri akileta onyo huingia, husema "Shikamoo, Mama," na Mama, ambaye hakuzoea salamu hiyo, humjibu "Bwana asifiwe." Kisha hunywa chai hadi onyo linasahaulika mezani.

3. Nimejaribu njia za kubana matumizi, mkazikataa zote. Niliwasha injini saa nzima bila kuondoka; mkasema hata jenereta huwashwa. Nililisukuma kwa mkono pamoja na vijana wa kanisa hadi kwenye sanduku la barua na kurudi. Mkasema huko ni kuhamisha fanicha. Nililiinua kwa jeki nne, magurudumu yakazunguka hewani mpaka mita ikasoma maili kumi na tatu, na Mama ndani ameshikilia sufuria. Ukanipigia simu wewe mwenyewe kusema kwamba gurudumu lililozunguka hewani halijasafiri. Nakubali ni neno la hekima. Lakini hekima hainywi petroli, Mzee, ndiyo maana unaweza kuitoa bure.

4. Kiplagat. Huyu ndiye Mkenya mwenzetu aliyeniuzia RV. Tangu bei ipande, watu hawanunui tena magari ya kutembelea, wanayarudisha, na uwanja wake umejaa trela hadi yeye mwenyewe huegesha barabarani. Nilimwomba alinunue langu tena. Alicheka mpaka akakohoa. "Bro, mimi nikuongeze ya pili, niku-discountie, utashukuru." Baadaye akasikia habari za Mama Euphrasia, akapata wazo. Sasa anawauzia wakwe wote wa Magharibi, kuanzia hapa hadi Baltimore, trela zisizokusudiwa kwenda popote, kwa jina la Chumba cha Mama Mkwe, na kila Jumapili huleta wateja kwangu waone mfano. Mama huwafungulia makabati. Huwaonyesha jinsi choo kinavyofanya kazi. Wiki iliyopita alimshauri mteja asinunue lile lenye dirisha dogo, na Kiplagat amelalamika kwangu, mimi, kana kwamba ndimi niliyemwajiri. Kamati ijiulize: trela hizo zote hazina injini. Nani atazizungusha Beltway? Mmeanzisha sheria ambayo karibuni itafunga barabara za serikali.

5. Pazia. Kwa kuwa gari likienda mimi na Mama tumo ndani ya kitu kimoja, mliagiza litundikwe pazia zito nyuma ya kiti cha dereva. Nimelitundika. Queen hukaa upande wangu kama shahidi wa Kamati, masikio ameyaziba kwa muziki. Lakini pazia halizuii sauti, na Mama Euphrasia akishaona gari limeshika mwendo huanza kusimulia. Anasimulia mazishi fulani ya huko nyumbani, ambayo mimi sikuweza kuhudhuria. Mzee, sijapata kusikia msimulizi wa polepole namna hii. Jumamosi ya kwanza, maili zote sitini na nne, walikuwa wanatafuta sukari ya kuwapelekea wafiwa. Ya pili mvua ilinyesha. Ya tano walikuwa bado wanapanga viti, na nikajulishwa kila kiti kilitoka kwa nani na kipi kilikuwa na mguu mbovu. Tukifika mkabala na lile hekalu jeupe la Kensington hukisimamisha kisa kizima ili aombe. Kwenye foleni ya daraja la kuvukia Virginia, petroli inaungua bure, yeye anaeleza nani alilia kwa dhati na nani alikuwa anatazama sufuria za wali. Kumharakisha siwezi, mila hainiruhusu kumkatiza mama mkwe. Naendesha, na mara kwa mara nafuta kioo, ingawa hakuna mvua.

6. Uharibifu wa nyumbani. Nyasi za uani, ambazo nilizitunza miaka sita, sasa ni mboga za Mama, mrenda na kunde. Mkanda wa suruali nimeutoboa tundu jipya, kwa kuwa chakula hunifikia kupitia kwa Queen, sahani juu ya sahani, na kukirudisha ni kumtukana mpishi ambaye siruhusiwi hata kumwambia nimeshiba. Na Queen mwenyewe ameharibika kabisa. Zamani nikimsemesha Kiswahili alinijibu "I'm good, Dad," nikawa na uhuru wa kusema mambo yangu kwenye simu. Sasa anaelewa yote. Juzi nilimwambia mtu niko njiani, naye akapaza sauti kutoka sebuleni: "Baba, uko kwa kiti!"

Kwa sababu hizo sita, naiomba Kamati yako tukufu ichague moja kati ya haya:

(a) Maili zipungue kadiri bei inavyopanda. Galoni ikipanda, tuzunguke Temple Hills tu. Ikipanda tena, tufike kwenye sanduku la barua. Ikizidi hapo, Mama aketi ndani nami nipige honi mara tatu.

(b) Kamati ifanye harambee ya petroli, kila mjumbe aliyekula mandazi achangie kwa idadi ya mandazi. Idadi ninayo.

(c) Ikiwa (a) na (b) ni ngumu, Kamati itangaze kwamba, kwa muda wote ambao petroli iko juu, Mama Euphrasia si mama mkwe wangu bali ni shangazi yangu. Shangazi hulala popote. Audrey amenionya kwamba hapo yeye atakuwa binamu yangu na ndoa yetu itahitaji kikao kingine. Nimemwambia kikao ni cha bei nafuu kuliko Beltway. Hajanisemesha tangu jana.

Mkishindwa na yote matatu, basi semeni tu kwamba ni nyumba. Nitatoa mbuzi, nitatoa blanketi, Mama atafunga lile begi la pili, nami nitapumzika.

Nisalimie Mama wa nyumbani kwako, wajukuu, wajumbe wote wa Kamati, na hata yule mjumbe aliyebeba mandazi mfukoni akidhani simwoni. Mama Euphrasia anakusalimu kutoka dirishani. Zalika anasema shikamoo.

Ni mimi, mkwe anayefuata sheria na kukaa kwenye mstari wake,

Elkanah

Nyongeza, baada ya sahihi:

Mzee, barua hii ililala mezani tangu Jumatatu, na leo ni Jumapili, kwa hiyo kuna la kuongeza.

Yale mazishi ni ya mama yangu. Mwaka ule karatasi zangu zilikuwa kwa watu wa uhamiaji, na ningetoka nisingerudi. Ndugu zangu waliniambia kwa simu, "Tulimzika vizuri," basi, wakaishia hapo. Video niliyotumiwa ilikatika mchungaji akisema tuombe. Miaka tisa nimekuwa nimesimama hapo hapo, nimefumba macho, nangoja amina. Sikujua kwamba Mama Euphrasia alikuwa ameketi upande wa wakwe, ameona kila kitu, na kwamba aliyatunza yote aje aniletee. Uso kwa uso asingeweza kuniambia, wala mimi nisingeweza kulia mbele yake. Tulihitaji pazia na barabara isiyo na mwisho.

Jana tulifika pale jeneza linapotolewa, linapita mlango wa jikoni alikokuwa akipikia mama yangu. Mama Euphrasia akataja wimbo waliouimba. Hapo hapo nikaona kibao cha Branch Avenue, tunapotokea kuja nyumbani. Nikapita. Nikaizunguka Beltway upya, yote. Nyuma ya pazia Mama akakirudisha kisa nyuma, akaanza tena pale wanapopanga viti.

Hatujafika kaburini, Mzee. Futa (a), (b) na (c). Maili msinipunguzie, niongezeeni. Petroli nitajua mwenyewe.