Zamu ya Iliya Mtamboni

Wananchi wote wa Kestenovo na viunga vyake wanatangaziwa kwamba mauaji ya marehemu Iliya Dimov, yaliyotokea kwenye kibanda cha kunereka pombe ya rakiya katika msimu wa plamu wa mwaka 1988, sasa yako tayari. Mahakama itayasikiliza palepale yalipofanyika, Alhamisi asubuhi. Kila mtu aje na kiti chake. Ni marufuku kuja na glasi.

Tangazo hilo aliliandika mwenyewe Mheshimiwa Desislav Kutsarov, Mwendesha Mashtaka na Mkuu wa Kitengo cha Kuharakisha Haki Zilizochelewa. Alipolikuta limebandikwa kwenye mlango wa posta alilisoma tangu juu hadi chini, kisha akalisoma tena kwa niaba ya wasiojua kusoma. Kitengo chake kilikuwa na miaka sita. Kwa muda huo kilikuwa kimejipatia jengo, bendera, gari moja na kanuni nyingi nzuri. Kitu pekee ambacho kilikuwa bado hakijapata ni kesi iliyokwisha. Watu wa mjini wenye midomo walilicheka jambo hilo, lakini Kutsarov hakuona cha kuchekesha. Haki iliyolala muda mrefu, alisema, huamshwa polepole, isije ikashtuka.

Kisheria kesi ya Iliya ilikuwa imeshakufa kwa kupitwa na muda. Hata hivyo Bunge, lilipokuwa likirekebisha sheria ya matikiti maji, lilirefusha kwa bahati mbaya uhai wa makosa yote nchini, na hakuna mbunge aliyejitokeza kukiri kwamba alipiga kura bila kusoma. Wakati huohuo Wizara ikaandika kwamba Kitengo kisipomaliza kesi hata moja kabla ya majira ya baridi, kitavunjwa na jengo lake litapewa Idara ya Nyuki. Kutsarov akaingia stoo, akachagua jalada jembamba kuliko yote, kwa sababu jembamba huisha upesi.

Ndani yake mlikuwa na jina moja tu lililosomeka vizuri, la Mincho Pashov, aliyekuwa mchochea moto wa mtambo. Ndiye aliyeikuta maiti akakimbia kuripoti. Kutsarov aliona hapo pana mantiki safi: aliyeikuta maiti ndiye aliyekuwa karibu nayo kuliko mtu mwingine yeyote. Akaenda na gari la Kitengo kumchukua Mincho kwenye malisho yake ng'ambo ya mto, akiwa katikati ya mbuzi.

"Mheshimiwa, si mimi ndiye niliyekuja kuripoti?" Mincho aliuliza, walipomkalisha ofisini.

"Ndiyo maana tunakufahamu."

"Kwa hiyo nisingeripoti..."

"Usingejulikana. Lakini uliripoti, na serikali inakushukuru."

"Hiyo shukrani yenyewe ni miaka mingapi?"

"Kumi na mitano. Ila kwa umri wako, mzee, utatumikia kiasi utakachojaliwa."

Mincho akavua kofia, akaipapasa ukingoni. Alikuwa na miaka sabini na minne, na mikono yake ilinuka maziwa. "Na mbuzi wangu watakamuliwa na nani?"

"Mbuzi hawamo kwenye shitaka," Kutsarov akamtuliza.

Siku ya pili yake akaingia Bibi Raina, mjane wa Iliya. Hakubisha hodi. Kwa miaka thelathini na ushei alikuwa amebisha kwenye milango ya waendesha mashtaka wote waliopita, na sasa, alisema, mkono umechoka.

"Unamfunga Mincho?" aliuliza.

"Mahakama ndiyo inayofunga, Bibi. Mimi natayarisha tu."

"Mincho hawezi kuchinja kuku. Mimi ndiye ninayemchinjia, kila Krismasi, naye anasimama nje akiziba masikio. Sikiliza, kijana. Sikuja kukuomba mtu wa kufungwa. Namtaka yule aliyemuua mume wangu. Nataka nimsikie akitajwa, halafu nife kwa nafasi yangu."

Kutsarov akamweleza kwa upole kwamba, kwa bajeti ya mwaka huu, mshtakiwa aliyepatikana ndiye huyohuyo. Raina akamtazama sana. Alichotazamia Kutsarov ni kilio, na tayari alikuwa ameshika kitambaa cha ofisi cha kazi hiyo. Badala yake bibi akakaa kitini.

"Haya. Nasikia kutakuwa na maigizo ya tukio?"

"Uigizaji Rasmi wa Kimahakama."

"Basi usifanye na maji matupu, watu watakucheka. Weka plamu za kweli, zilizochacha. Zangu zipo, pipa zima, nitazileta mwenyewe. Na uwashe mtambo, unereke mpaka mwisho." Akainuka. "Na Mzee Valcho umkalishe mbele kabisa. Asipoona vizuri anakasirika."

Ushauri huo ulimfurahisha Kutsarov, kwa sababu hakuukuta na kasoro. Mzee Valcho Terziyski ilikuwa lazima akae mbele. Zamani alikuwa Katibu wa Chama wa Kestenovo. Mfumo ulipobadilika akabadilisha tai, akawa meya, na sasa alikuwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maadili ya mkoa. Tena ndiye aliyemsimamia Kutsarov siku ya ndoa yake, na mtu aliyekusimamia ndoa humkalishi nyuma ya nguzo. Ukutani pa posta palikuwa na kibao cha marumaru kilichoeleza kwamba siku ile Iliya alipouawa, Ndugu V. Terziyski alikuwa mji mkuu, Sofia, akihutubia mkutano kuhusu mbolea. Watoto wa shule walikuwa wakipelekwa kukisoma. Hakuna mtu mwingine mjini aliyewahi kujengewa kibao kwa sababu ya kutokuwepo.

Mzee Valcho alikuwa na tabia moja tu, nayo kila mtu aliizoea: alijua kila kazi kuliko mwenye kazi. Alimfundisha mwokaji kukanda, akamfundisha padri kushika chetezo, na siku alipokata utepe wa gari la Kitengo alimfundisha dereva kukaa. Siku hiyohiyo alikuwa ameimwagia sifa Kanuni ya Saba, ambayo Kutsarov aliitunga kwa jasho lake kwa kuwa gari lilikuwa moja. Kanuni ilisema: aliyekamatwa kwanza husafirishwa kwanza, na hurudishwa alikotolewa, bila kujali cheo cha anayefuata. "Hii ndiyo nidhamu!" Mzee Valcho alikuwa amesema, na watu wakapiga makofi.

Alhamisi ikafika na jua zuri la vuli. Mji mzima ulikuja na viti, na glasi mifukoni. Mtambo wa shaba ulisuguliwa ukang'aa. Kulikuwa na meza ya Jaji Bonka Velinova na ya karani wake, na mbele kabisa kiti cha mahameli kilichoazimwa kwenye ukumbi wa michezo, ambacho Mzee Valcho alikijaza vizuri. Nafasi ya marehemu ilishikwa na sanamu ya duka la nguo. Bibi Raina alikuja na pipa lake kwenye mkokoteni, akamvisha sanamu kofia ya Iliya, akaiweka upande kidogo, jinsi mwenyewe alivyokuwa akiivaa. Hapo watu walivua kofia zao, hata wale waliokuja kwa ajili ya glasi.

Kutsarov akafungua maelezo aliyoyaandika. Yeye alizaliwa mjini Burgas, na rakiya aliifahamu ikiwa tayari kwenye chupa.

"Saa ya tukio," akasoma, "mshtakiwa anachochea moto kwa nguvu."

Mincho, kati ya askari wawili, akasukuma kuni kama alivyoamriwa.

"We, Mincho! Utaunguza!" mtu akapiga kelele.

"Si mimi, ni Mheshimiwa!" Mincho akajibu. "Mimi peke yangu ningeweka vijiti viwili!"

"Toa hilo gogo! Toa!"

Wanaume watano wakaacha viti wakaenda kutoa kuni, askari mmoja akiwamo. Jaji Velinova, ambaye sheria inamkataza kutoa maoni kabla ya hukumu, alisema kwa sauti ya chini kwamba kweli moto ulikuwa mkubwa. Kutsarov akaomba utulivu. Bomba likaanza kudondosha.

"Marehemu," akaendelea kusoma, "ameinama mbele ya bomba. Anakinga matone ya kwanza kwa kikombe. Anayanywa."

Kibanda kizima kikaangua kicheko.

"Anakunywa kichwa! Jamani, Iliya anakunywa kichwa!"

"Mheshimiwa, hayo ya kwanza ni ya kusugulia magoti! Ukinywa unapofuka!"

"Basi kesi imekwisha, kajiua mwenyewe!"

Kutsarov akawa mwekundu. Akawakumbusha kwamba maelezo hayo yamegongwa muhuri, na kwamba kilichogongwa muhuri hakipofushi mtu. Wakati huo Mzee Valcho alikuwa akijigeuzageuza kwenye mahameli. Alishika tai, akaiachia. Akapiga ulimi mara kadhaa. Bibi Raina, kando ya mtambo, hakuwa akiitazama sanamu wala Mincho. Alikuwa akimtazama yeye.

"Mshtakiwa anachukua koleo."

Mincho akachukua koleo, akalishika kama mtu anayetaka kutoa majivu. "Nimpige wapi, Mheshimiwa?"

"Kisogoni, ilivyoandikwa."

"Kisogo hakifikiki, ameinama."

"Zunguka huku."

"Huku kuna pipa."

"Basi mpige kutoka hapohapo, kwa makadirio."

Mincho akafumba macho, akainua koleo, akaipiga nguzo ya kibanda. Watu walicheka hadi machozi, na Mzee Valcho akashindwa kuvumilia. Akaruka kitini.

"Tokeni! Tokeni wote! Ninyi hata kumuua mtu hamjui!" Akamnyang'anya Mincho koleo, akalitupa. "Koleo gani? Ulikuwa mti wa kukorogea, ule mnene! Na nani kasema ameinama? Kichwa kilishamwagwa zamani, ilikuwa inatoka ya katikati, safi kama machozi!" Akaibeba sanamu kwa mikono miwili, akaikalisha juu ya gogo, mgongo ukutani. "Alikaa hapa. Hivi. Miguu ameinyoosha, kipimo cha kioo mkononi. Naingia, hasimami! Mapipa yangu matatu yako mlangoni, mimi Katibu mzima nimeloa mvua, namwambia anipishe, naye ananitazama hivi, ananiambia, 'Subiri zamu yako, Ndugu Katibu.' Mimi! Aniambie mimi!"

Bomba liliendelea kudondosha ndani ya ndoo.

"Andika," Jaji Velinova akamwambia karani. Kisha akauliza kwa adabu, kama anayeuliza njia, "Mkono upi, Mzee Valcho?"

"Wa kulia, bila shaka. Wa kushoto nilishika kofia." Alijibu upesi, kama mtu aliyekwishazoea kwamba akisema watu huandika. Halafu akawaona watu. Akaona kwamba hakuna aliyekuwa akicheka. "Siku ile nilikuwa Sofia," akasema. "Kuna marumaru."

"Marumaru tumeiona. Karani, andika na marumaru."

"Ule mti wa kukorogea," mzee mmoja alisema nyuma, kana kwamba anajisemea, "ulipotea usiku uleule. Tulichonga mwingine."

Mzee Valcho akamgeukia Kutsarov, akateremsha sauti. "Desislav, mwanangu. Nilikusimamia ndoa. Sema kitu."

"Mwendesha Mashtaka," Jaji akasema, "una pingamizi lolote?"

Kutsarov akatazama karatasi zake. Hazikuwa na mahali pa jambo hili. Aliwaza ndoa yake, jengo, Idara ya Nyuki. Halafu, bila kutaka, akamtazama Bibi Raina, aliyekuwa ameweka kiganja juu ya ile kofia, machozi yakimtiririka na yeye hayafuti, na Kutsarov akaona haya, haya kweli, kwa mara ya kwanza tangu apewe cheo.

"Kitengo hakina pingamizi," akasema. "Kinaomba tu iandikwe kwamba uigizaji umefanyika kwa mafanikio."

"Mheshimiwa," Mincho akaomba, "mimi sasa nimpige au niache?"

Jaji akamwachia huru Mincho palepale, na akaamuru Mzee Valcho atiwe pingu. Zilipofungwa, mzee alimweleza askari jinsi ya kuzifunga. Kisha akauona mlango wa kibanda umejaa vichwa, na nyuma ya vichwa gari la televisheni kutoka Plovdiv likiegeshwa. Lilikuja kwa ajili ya habari ndogo kuhusu mila za rakiya.

"Nipelekeni," akasema. "Upesi. Nitoeni hapa kabla hawajashuka."

Askari wakamtazama Kutsarov. "Gari ni moja," Kutsarov alisema. "Kuna Kanuni ya Saba."

"Futa hiyo kanuni!"

"Uliisifu mwenyewe, Mzee. Ipo kwenye kumbukumbu." Akamfungulia Mincho mlango wa gari. "Aliyekamatwa kwanza husafirishwa kwanza, na hurudishwa alikotolewa."

"Ni ng'ambo ya mto," Mincho akasema kwa kuomba radhi, akipanda. "Na daraja la chini limevunjika, tutazunguka. Lakini nikishawakamua tu mbuzi, dereva anarudi."

Gari likaondoka taratibu. Mzee Valcho akarudi kwenye kiti cha mahameli, pingu mapajani, mji mzima umemzunguka na viti vyake, watu wa kamera wakifunua mitambo yao. Hakuna aliyemzomea. Walitoa glasi mifukoni, wakajipanga mbele ya ndoo ya Iliya, mmoja nyuma ya mwingine. Bibi Raina akamwaga kichwa chini, akangoja ile ya katikati, akaanza kuwapimia.

Mzee Valcho, midomo imemkauka, akanyoosha mikono yake miwili iliyofungwa pamoja. "Raina. Angalau tone moja. Nipe mimi kwanza, niondoe baridi."

Raina hakugeuka. Alikuwa akimjazia karani wa mahakama.

"Subiri zamu yako, Ndugu Katibu," akasema.