Nirudishieni Joto la Nyumba Yangu

Shih Wan-fu,
Kichochoro cha Kisima, Nyumba Na. 12,
Chaozhou, Pingtung.
27 Agosti

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mtaa, Bwana Peng Jui-tien,

YAH: OMBI LA KUNG'OLEWA PAA JIPYA NA KURUDISHIWA JOTO LANGU

Mheshimiwa, pokea salamu zangu na heshima zote za cheo chako, pamoja na zile ambazo bado hujazifanyia kazi. Ninaandika nikiwa na akili timamu na mwili wa baridi usio wa kawaida kwa mwezi huu wa kiangazi, na hiyo baridi ndiyo iliyonileta kwako.

Kama unavyokumbuka, kwa kuwa ulikuwepo na kipaza sauti chako, tarehe nane mwezi huu, Siku ya Akina Baba, binti yangu Ya-hui alinizawadia paa. Wenzangu walipata soksi. Mimi niling'olewa bati langu la buluu la miaka ishirini na sita, nikapigiliwa bati jeupe, na chini yake ukatandazwa utando unaong'aa kama karatasi ya kufungia samaki wa kuoka. Fundi alisema utando huo unalirudisha joto la jua huko huko lilikotoka. Wewe ukatoa ruzuku ya mtaa, ukapanda ngazi vipago vitatu, ukapigwa picha, ukashuka. Hakuna aliyeniuliza kama joto hilo nilikuwa na kazi nalo. Nilikuwa nayo kazi, tena kubwa. Naomba nieleze kwa mpangilio.

1. Rangi. Nyeupe, kama ujuavyo, kwetu ni rangi ya msiba. Siku ya pili tu, Mama Yeh muuza tofu ya soya alifika mlangoni kwangu na uso wa matanga, mkononi ana bahasha nyeupe ya rambirambi, akauliza ni nani aliyetutoka. Nilipomwambia hakuna aliyekufa alionekana kuudhika, akairudisha bahasha mfukoni na kuniuliza kama nina hakika.

2. Figili. Bati langu la zamani lilikuwa likikausha figili zangu za chumvi kwa siku mbili. Hili la kisasa, siku ya tano zilikuwa bado zimelegea kama ahadi za uchaguzi. Nakuomba usilichukulie hilo kama jambo la mtu binafsi, ingawa ndivyo lilivyo.

3. Mvua. Zamani mvua ikinyesha ilipiga bati kwa kishindo mpaka mtu hasikii hata mawazo yake. Sasa inanyesha kwa adabu kama mgeni aliyevua viatu. Matokeo yake nimegundua kwamba saa yangu ya ukutani inagonga. Mke wangu alifariki miaka tisa iliyopita, na miaka yote hiyo sikujua nyumba hii ina ukimya kiasi hiki. Sikuomba kujulishwa.

4. Hili naliandika polepole, nawe ulisome polepole.

Kwa viangazi sita mfululizo, ikifika saa nane mchana, nyumba yangu iligeuka tanuri. Basi nilichukua kofia yangu nikaenda pale kona, kwenye duka la barafu la Bi. Kao Hsiu-luan, ambaye ni mjane kama mimi nilivyo mgane. Nilikaa kwenye kistuli chekundu cha plastiki kando ya feni, nikala bakuli moja, chini choroko na magimbi ya moto, juu barafu ya kukwangua, na bakuli hilo moja likanifikisha saa kumi na moja.

“Mzee Shih,” huwa ananiambia, “barafu imeshayeyuka, wewe huyeyuki?”

“Nyumbani hakukaliki, Bi. Kao. Unataka nife?”

“Ufe, nani animalizie choroko?”

Mazungumzo yenyewe ni hayo tu, na yalinitosha hadi kesho yake. Wala hapakuwa na mtu katika kichochoro chetu aliyeweza kufungua mdomo, maana mgane aliyefukuzwa kwake na jua si mtu wa kusengenywa. Ni mhanga wa hali ya hewa.

Ndipo wewe, Mheshimiwa, ukaja na bango. Refu kama mimi, limefungwa langoni kwangu kwa waya: NYUMBA BARIDI YA MFANO. Na chini yake kipimajoto cha taa nyekundu kinachoonyesha joto la ndani, ili hata mpita njia mwenye haraka zake asome. Saa nane mchana, kichochoro kizima kinachemka, bango langu linasema nyuzi ishirini na saba!

Kesho yake nililowesha uso kwa maji ya bomba, nikaenda dukani nikijipangusa. Mama Yeh alikuwa pale, na mwenye macho haambiwi tazama.

“Haa, Mzee Shih! Kwako nyuzi ishirini na saba, huku umefuata nini? Au kuna joto jingine hatulijui?”

Duka zima likaangua kicheko. Bi. Kao hakucheka. Aligeukia mashine yake ya barafu, masikio yamemwiva, akakwangua barafu ambayo hakuna aliyeiagiza. Niliacha bakuli nusu nikaondoka, na leo ni siku ya kumi na nne sijarudi. Jumamosi nilipita kwa baiskeli nikijifanya nina safari. Kwenye kistuli changu chekundu alikuwa amekaa muuza bima, tena amekunja nne.

Ninamkosa Bi. Kao, Mheshimiwa. Nimeiandika sentensi hiyo ili isomwe, na ukiisoma kwa kile kipaza sauti chako tutakutana mahakamani.

5. Joto lenyewe. Fundi anasema limerudishwa lilikotoka. Uongo mtupu. Nimelifuatilia kwa macho yangu kutoka dirishani, mahali ambapo siku hizi nina nafasi ya kutosha ya kukaa. Kuanzia saa saba na nusu mng'ao wa bati langu unavuka kichochoro na kutua moja kwa moja kwenye kibaraza cha Bi. Kao. Ametundika shuka la maua kujikinga, na halisaidii. Kwa hiyo paa lako limeninyima duka, kisha likaanza kumchoma mwenye duka.

Kutokana na hayo, naomba yafuatayo. Bango ling'olewe leo. Paa ling'olewe kesho. Tena nasikia ruzuku ya awamu ya pili imebaki moja, na kwamba Bi. Kao amepeleka maombi. Usihangaike kununua kipya: chukua bati langu, utando wake na misumari yake, vyote ukampigilie yeye. Yeye apoe, mimi niungue, na kila mtu atakuwa amerudi mahali pake.

Msalimie mkeo, wasalimie wazee wote wa kamati ya hekalu, na mbwa wa ofisi yako, ambaye ndiye pekee aliyenipokea vizuri nilipokuja Jumatatu. Fundi sijamsalimia.

Wako katika ubaridi,
Shih Wan-fu,
Mkata tiketi mstaafu wa reli

N.B. Barua hii ilichelewa siku mbili kwa kukosa stempu, na katika siku hizo hali imebadilika kidogo.

Jana, saa nane na dakika kumi, Bi. Kao alifunga duka. Alivuka kichochoro na beseni la choroko za kuchambua, kwapani amebana kistuli chekundu. Akasimama mbele ya bango, akalisoma lote kwa sauti, mpaka Mama Yeh akatoka nje na kisu chake cha tofu. Kisha akaniambia, “Dukani kwangu ni nyuzi thelathini na saba, na jua lenyewe linatoka kwako. Nipishe nipite, Mzee Shih. Unataka nife?”

Alichambua choroko hadi saa kumi na moja. Kistuli amekiacha.

Kwa hiyo paa lisiguswe. Bango ligeuzwe kidogo lielekee kona, na taa zake ziongezwe. Na kuhusu yale maombi ya ruzuku ya Bi. Kao, paa lake nimelikagua mwenyewe. Ni zima kabisa. Usimpe hata bati moja.