Shuka Langu Juu ya Paneli

Jameni, leo nimeaibika mbele ya mabara matatu. Sijasema mitaa. Nimesema mabara.

Wengi wenu mnajua mimi ni fundi wa kuchomelea. Karakana yangu iko Kawangware, upande wa Satellite, na kulala nalala mtaa wa Kianda. Msichojua ni kwamba tangu mwaka jana niko kwenye utafiti wa kimataifa. (Ndiyo, mimi huyu niliyerudia darasa la saba.) Chuo kikuu kimoja hapa Nairobi kinashirikiana na Wajerumani na Wajapani kutengeneza haidrojeni ya kijani. Unachukua maji, unayapitishia umeme wa jua, yanatoa gesi ya kupikia isiyo na moshi. Gesi yenyewe haina rangi ya kijani. Nilishachungulia.

Tangi la kuhifadhi hiyo gesi nililichomelea mimi, kwa mikono hii. Leo wenzetu wa ng'ambo walikuwa watazame mashine, iliyoko hapa karakana, kwa video, kisha waamue: tangi la mashine ya pili, ile kubwa, lichomelewe kwangu au liletwe kwa meli. Wiki nzima sijala vizuri.

Sasa, mnajua kamba za nguo za Kianda. Ukianika, unakaa hapo ulinde, la sivyo zinaibwa. Kwa hivyo mimi hufulia karakana, na juzijuzi niligundua kwamba paneli za jua za ile mashine, zilizo kwenye paa, hukausha nguo kwa saa moja tu. (Huo pia ni utafiti!) Asubuhi nikafua shuka, nikalitandaza juu ya paneli. Chini ya shuka nikaficha boksa mbili, maana mtu mwenye heshima zake haaniki boksa hadharani. Nilipanga kutoa zote saa nne, kabla Daktari Akinyi wa chuo hajafika.

Akafika saa tatu.

"Sasa fundi! Uko tayari?"

"Tayari kabisa, Daktari!" Na nguo nikazisahau palepale.

Landilodi wangu, Mzee Njoroge, naye alikuja na kofia ya kanisani na kiti chake. "Hii ploti ni yangu," akaiambia kamera ya simu kabla hata haijawashwa.

Simu ikaunganishwa, picha ikatokea kwenye laptop mezani. Profesa Helga yuko Ujerumani, Bwana Kenji yuko Japani, na nyuso zingine kama kumi. Daktari akawasha mashine. Sote tukakodolea macho bomba la kioo ambamo mapovu ya gesi hutokea.

Povu moja. Tukangoja. Povu la pili, tena limechoka.

"Huko kuna mawingu?" Bwana Kenji akauliza. Jua lilikuwa linatuchoma utosi.

"Labda paneli zina vumbi," akasema Profesa.

Hapo nikaumia. Vumbi? Kwangu? "Madam, paneli zangu nazipanguza kila siku! Ngoja nikuonyeshe!" Nikachukua simu mkononi mwa Daktari, nikapanda ngazi, kamera mbele, kifua mbele.

Kamera ilifika juu kabla ya akili yangu.

"Hicho ni nini?" Profesa akauliza, kwa upole wa mtaalamu.

"Ni... kifuniko," nikasema.

Nikalivuta shuka haraka, nikidhani litakuja na kila kitu. Likaja peke yake! Boksa zikabaki zimelala juu ya paneli, moja ina kiraka cha kitambaa cha pazia. Chini, Mzee Njoroge alikuwa ameinamia laptop.

"Daktari," akauliza kwa sauti ya kuita ng'ombe, "na hiyo ya kiraka, inapima nini?"

Nikazinyakua zote mbili. Sekunde hiyohiyo Daktari akapiga kelele: "Yanatoka! Fundi, yanatoka!" Mapovu yalikuwa yanachemka kwenye kioo. Mabara matatu yakapiga makofi, nami niko juu ya mabati nikiuona uso wangu kwenye simu. Nikapunga mkono. (Ule wenye boksa.)

Niliposhuka, mshale wa geji inayopima gesi ndani ya tangi ulikuwa umeshapanda. Mashine ikazimwa, tukangoja nusu saa tuone kama tangi linavuja. Mshale haukutikisika. Profesa akauliza ni nani aliyelichomelea. Daktari akanisukuma mbele ya kamera.

"Ni huyu. Mshamjua."

Tangi la pili ni langu, jameni! Limeandikwa Kawangware, kwenye waraka wa nchi tatu. Nimeusoma nikatokwa na machozi, na hayo sioni haya kuyasema.

Kinachonitia haya ni kipengele cha mwisho, alichoongeza Bwana Kenji leo leo: ni marufuku kuanika nguo juu ya paneli. Nchi zote tatu zimekubali bila kupinga.

Mwenye kamba ya kuanikia aniazime. Kicheko abaki nacho.