Jinsi Kilainishi Alivyobadilisha Pikapu ya Mkewe

Watu walimwita Kilainishi kwa sababu ulimi wake ulikuwa na mafuta ya kutosha kuendesha kiwanda. Kazi nyingine hakuwa nayo. Ijumaa ile alikuwa ameegemea uzio wa uwanja wa mbio za magari, nje kidogo ya mji, akitazama ndani kama mtu mwenye njaa anavyotazama meza iliyokwisha kuandaliwa.

Zilikuwa siku za wasio mabingwa. Mwisho wa wiki mmoja katika kila mwezi, wenye uwanja hufungua lango, na yeyote mwenye gari la kasi, kofia ngumu na pesa za kuchezea huruhusiwa kuzunguka mpaka achoke yeye au ichoke injini. Mawakili, madaktari, wauza saruji, wote wamevaa viatu vyembamba na wamekunja nyuso kama wanakwenda vitani. Zawadi hakuna, mshindi hakuna. Mtu analipa ili akimbie kwa nguvu zote na kurudi palepale alipoanzia. Kilainishi aliwaheshimu sana watu hao. Mwenye kulipia jambo kama hilo atalipia chochote.

Ndipo alipomwona mama mmoja wa makamo, mfupi, amesimama kando ya gari la njano lililolala chini kama chura. Ana leso mkononi, anafuta kioo kisicho na vumbi. Hakuna mtu karibu yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Gari la mzee hili?"

"La marehemu. Alikuwa mpima ardhi. Wiki nzima anatembea polepole na kamba yake, ikifika Jumamosi anakuja hapa kukimbia." Akafuta kioo tena. "Mimi hata kuliwasha naogopa. Jirani ndiye aliyenisaidia kulileta. Unafikiri litapata bei nzuri?"

Swali kama hilo, kwa mtu kama Kilainishi, ni sawa na mwenye duka kukuomba umshikie funguo. Alilizunguka gari mara moja, taratibu, macho yote kwa mama: leso, viatu vilivyolika upande, jinsi alivyomeza mate. Akaligonga boneti kwa kidole, akatega sikio kama daktari, akatikisa kichwa.

"Nani alikwambia habari za bei nzuri, mama?"

"Marehemu alikuwa akisema…"

"Marehemu alikupenda, hakutaka kukutia wasiwasi. Mimi ni mshauri wa magari ya aina hii. Unaziona tairi hizi? Mchana mmoja hapa uwanjani, zimekwisha. Mchana mmoja."

"Ewe Mola wangu."

"Pedi za breki vivyo hivyo. Oili yake si hii ya madukani, inaagizwa ng'ambo, na gari linainywa kama mgonjwa anywavyo uji. Sasa mkanda wa injini." Hapo alishusha sauti. Hakuwa na habari kama gari lile lilikuwa na mkanda au kamba. "Mkanda umejificha. Ukitaka kuubadilisha, injini yote inatolewa nje."

"Yote, mwanangu?"

"Yote. Ni kama kumtoa mtu moyo ili umkate kucha."

"Lakini bima si ipo?"

"Bima," alisema Kilainishi, akipekua kichwani uongo wa kufaa, "uwanja huu haiutambui kabisa. Ukigonga ukuta hapa, umegonga kwa pesa zako."

Mama akaketi kwenye kiti cha plastiki, leso mdomoni. "Basi bora nilitupe."

"Usilitupe. Mimi nina kasoro moja, huruma. Ninayo pikapu. Sura haina, lakini asubuhi inawaka na mzigo inabeba. Tubadilishane, nikuondolee balaa hili."

Hapa inafaa tusimame kidogo, kwa heshima ya pikapu. Ilikuwa mali ya mke wa Kilainishi kwa kila hali isipokuwa kwenye karatasi. Mke huyo alikuwa akikodisha viti na mahema, na pikapu aliinunua kwa jasho lake. Kadi ikaandikwa jina la mume kwa sababu siku ya kuandikisha, mume alizungumza vizuri mno. Sasa mke alikuwa kwao, kumwangalia mama yake mgonjwa, na angerudi Jumatatu. Hesabu ya Kilainishi ilikuwa nyepesi: Ijumaa abadilishe, Jumapili aliuze gari la njano, Jumatatu mke akute pikapu mpya mlangoni na mume mwenye pesa mfukoni. Hesabu ikigoma, viti havitabebwa, jikoni hakutawaka moto, na yeye atalala nje, maana mke alikwisha kumwambia kwamba msamaha wa mwisho aliutumia mwaka jana.

Alasiri hiyohiyo walikwenda ofisi ya usajili wakabadilishana kadi. Mama alilia kidogo. Kilainishi alimpa leso yake mwenyewe, na akaona amezidisha wema.

Njiani kurudi nyumbani, kila tuta la barabara lililikwangua gari tumbo. Mshale wa petroli nao ulikuwa ukishuka huku anautazama. Hakujali. Jumapili haikuwa mbali.

Jumapili alirudi uwanjani, akamchagua daktari wa meno, mtu mpole mwenye gari jeupe.

"Daktari, hili halina gharama," alisema. "Petroli linanusa tu. Tairi zake hazijui kuchoka."

"Twende basi," alisema daktari, akavaa kofia. "Niendeshe mimi, wewe uniimbie sifa zake."

Mizunguko ya kwanza Kilainishi aliimba. Baadaye akanyamaza, kwa sababu moshi wa tairi ulikuwa umeingia ndani. Kwenye kona ya chini daktari alikanyaga breki, breki ikazama kama mguu kwenye tope, wakapita majani na kurudi barabarani kwa rehema tu. Kisha nyuma ya migongo yao kitu kikaanza kupiga kelele kama sahani kwenye gunia.

Fundi wa uwanja alifungua, akamulika, akawaita wenzake waje kuona.

"Mkanda," alisema. "Umebaki nyuzi."

"Si ubadilishe tu?"

"Nitabadilisha. Ila injini itoke yote."

Kilainishi aliinama kuchungulia mwenyewe. "Nani kakwambia maneno hayo?"

"Nani asiyejua? Na tairi hizo, mzee, zizike. Breki pia. Oili yake mimi sina, inaagizwa ng'ambo."

"Ninayo bima."

Gereji nzima ilicheka. Hawakucheka kwa ubaya. Walicheka kama watu wanaomkaribisha mwenzao.

Kumbe katika yote aliyomwambia yule mama, hakusema uongo hata mmoja. Aliteleza mahali padogo tu: tairi hazikumaliza mchana, ziliisha kabla ya saa sita.

Daktari wa meno alimwekea mkono begani. "Usihuzunike, ndugu yangu. Unalitaka la kwangu?"

"Lako?"

"Nauza. Nakufanyia bei ya kirafiki."

Wakili aliyekuwa jirani akainua kichwa. "Sikiliza na bei ya langu kwanza."

Kilainishi akatazama huku na huku. Nyuso zote zile alizodhani ni za wapiganaji zilikuwa nyuso za wauzaji. Kila mmoja alikuwa akikimbia kwa nguvu zote ili mwenzake amwone, atamani, amwondolee.

Usiku ule gari la njano lilikokotwa mpaka nyuma ya nyumba ya Kilainishi, akalifunika turubai. Jumatatu asubuhi alimfuata yule mama nyumbani kwake, akamkuta anaosha pikapu na kupiga mluzi.

"Mama, umenidanganya."

"Nimekudanganya nini, mwanangu? Habari za tairi nani alizisema? Za mkanda je? Mimi nilisema 'Ewe Mola wangu' tu."

Kilainishi akashika mlango wa pikapu kama mtu anayetaka kuondoka nayo.

"Kaa, nikueleze," mama alisema, akikamua kitambaa. "Tangu mwaka jana nalipeleka pale. Watu wema wanakuja, wanafungua, wanachungulia chini, wananipa pole, wanaondoka. Nikajua mtu mkweli hatalichukua. Nikasema, nimtafute atakayenikagua mimi, asilikague gari. Wewe ulinikagua mpaka viatu."

Simu ya Kilainishi ikaita. "Baba Pacha, nimeshuka kituo cha mabasi," alisema mkewe. "Njoo na pikapu, nina mabomba mapya ya mahema."

Mama alikuwa amesikia. "Pole. Mimi siku hizi nakodisha, kama una shida. Malipo kwa siku. Hiyo saa yako nitaishika kama dhamana."

Kituoni, mke aliingia, akatazama kiti cha dereva kilivyosogezwa mbele mpaka magoti ya mumewe yanagusa usukani.

"Nani kasogeza kiti?"

"Fundi."

"Fundi mfupi," alisema mke, akafunga mlango.

Basi ikawa hivyo. Kila alfajiri Kilainishi aliikodi pikapu ya mkewe, na kila jioni aliirudisha, akidai inalala gereji kwa sababu ya wezi. Ili apate kodi, alibeba viti mwenyewe asubuhi, mchana akaosha magari ya watu, alasiri akasimika mahema. Mikono ikaota sugu. Watu wa mtaani walipita makusudi kuja kutazama, wengine wakiwa wamebeba watoto.

"Siku hizi umekuwa mtu wa kazi, Baba Pacha," mke alimwambia.

"Maisha," alijibu Kilainishi, na akalala kabla hajamaliza neno.

Mwezi ulipokwisha, alipeleka kodi ya wiki ya mwisho kwa yule mama. Barazani akamkuta mkewe, amekunja miguu, anakunywa chai.

Mama alizipokea noti, akazigawa mafungu mawili. "Hili lako, mwanangu."

"Ahsante, mama," alisema mke, akafunga pindoni mwa kanga.

Kilainishi alishika nguzo. "Tangu lini?"

"Tangu siku ya kiti. Jioni niliifuata pikapu yangu mpaka hapa. Mama alitaka kunirudishia palepale."

"Na wewe?"

"Nilikataa. Nimekaa na wewe miaka yote hii, sijawahi kukuona ukiamka kabla ya jua. Ningeichukua, ungelala. Kadi sasa ina majina yetu sisi wawili, mimi na mama."

Kilainishi alijishusha kwenye ngazi. Akatafuta neno, akalipata, likiwa limechakaa kidogo lakini lenye mafuta bado.

"Basi, kwa kuwa mimi ndiye chanzo cha biashara hii, na mimi nikatiwe fungu langu."

Mama na mke wakatazamana.

"Fungu lako liko nyumbani chini ya turubai," alisema mke, akimmiminia chai. "Lile la njano ni lako peke yako. Lile hatugawani."