Kiunganishi cha Pampu ya Mama Ernestine

Uvira, Jumanne, 11 Machi 2025

Pampu ya kituo cha afya imekufa. Kiunganishi kinachoshikanisha mota na pampu kimepasuka. Ni kitu kidogo cha duara, mfano wa kikombe chenye tundu katikati, lakini bila hicho maji hayapandi tangini. Kipya kingetoka Bukavu, na vita vimefunga barabara. Mama Ernestine, muuguzi mkuu, ana wodi nzima ya kipindupindu, wengi wao watu waliokimbia kutoka Kiringye na Lubarika. Ndugu zao wanachota maji ziwani, yaleyale yaliyowaleta wodini.

Akaniuliza Norbert yuko wapi. Norbert nilisoma naye ufundi. Anachora vipuri kwenye kompyuta, kisha Papa Basile anayeyusha aluminiamu na kuvisubu. Nikamjibu kwamba Norbert amevuka Burundi. Wengi wamevuka, kwa hiyo si uongo mkubwa. Nikaongeza kwamba hata mimi nachora. Kazi nimepewa. Nimeahidi Ijumaa.

Norbert hajavuka popote. Anakaa nyuma ya nyumba yangu.

Jumatano, 12 Machi

Nimechora kiunganishi. Mchoro mzuri, bapa kama chapati. Kazi iliyobaki ni kuugeuza umbo lenye unene. Nikaiagiza programu iuinue. Ikakataa: mchoro haujafunga. Asubuhi yote natafuta mwanya. Kumbe mstari mmoja haukumgusa mwenzake, pengo jembamba kama unywele. Nikaziba. Nikaagiza mchoro uzungushwe. Likatoka tairi. Sidonie, mke wangu, akachungulia, akauliza kama pampu itapanda baiskeli. Nikamwambia hiyo ni hatua.

Mchana nikaenda kumwonya Norbert asikanyage kituoni. Nikamwambia kipindupindu kimezidi, hata sabuni hawana. Hofu itamweka nyumbani.

“Aksanti, ndugu,” akasema. “Weye uko na roho muzuri.”

Nikaona aibu mpaka nilipofika kona.

Alhamisi, 13 Machi

Umbo bado tairi. Nikarudi kwa Norbert na swali la rafiki yangu mmoja anayechora kikombe. Akafungua kompyuta bila kuuliza rafiki gani.

“Asichore kikombe muzima,” akasema. “Achore nusu tu, sawa ameipasua katikati. Halafu ile mustari ya katikati aifanye bawaba. Nusu inazunguka bawaba sawa mulango, inarudi pale ilitoka. Kikombe iko.”

Akauliza pia kama rafiki yangu anajua kipimo kinaanzia katikati au ukingoni. Nikasema rafiki yangu si mtoto.

Nyumbani nikachora nusu, nikapima kile kilichopasuka, nikaandika vipimo, nikazungusha. Limetoka! Linang'aa, linageuka upande ninaotaka. Nimekaa nikilitazama kama mtoto wangu Délice siku aliyozaliwa.

Papa Basile akachonga kielelezo cha mti kufuata mchoro, akasema aluminiamu yake haitoshi. Nikamletea sufuria kubwa la bugali la Sidonie. Sidonie alikuwa sokoni. Nitamweleza kesho, pampu ikishaanza.

Ijumaa, 14 Machi

Kiunganishi kimefika kituoni kichwani mwa Papa Basile, kama beseni. Tulipokivisha kwenye mhimili wa mota, mhimili ukacheza ndani yake kama mwiko ndani ya ndoo. Mwanamke wa Lubarika, mtoto mgongoni na bidoni tupu ya maji mkononi, akaniuliza kwa upole maji yataingilia wapi. Mtoto wake alikuwa amelegea. Mama Ernestine akampokea, akaingia naye wodini.

Ndipo Norbert akaingia langoni na katoni ya sabuni. Amekusanya kwa waumini wa parokia, kwa sababu mimi nilimwambia hawana.

Mama Ernestine akatoka, akasimama. “Norbert? Walisema ulivuka Burundi.”

Norbert akanitazama. Sijawahi kuona lango liko mbali vile.

“Nilirudia huku, Mama,” akasema.

Akaomba kompyuta yangu. Hakutafuta sana. Nilipima kutoka ukingo hadi ukingo, nikaandika pale panapotaka kutoka katikati hadi ukingo. Kila kitu kimetoka maradufu. Akasahihisha palepale, umbo likasinyaa. Milio ya risasi ilisikika upande wa milimani, mbali. Hakuinua kichwa. Papa Basile akabeba beseni langu kurudi kuliyeyusha.

Jumamosi, 15 Machi

Kiunganishi kimeingia kama kidole kwenye pete. Mota ikanguruma, tangi likaanza kulia. Bidoni zikapanga foleni zenyewe. Yule mtoto wa Lubarika ameanza kunyonya tena.

Aluminiamu iliyobaki, Papa Basile amemsubia Sidonie sufuria. Ni dogo. Sidonie ameligeuza mkononi, akasema, “Papa Délice, sasa tutapima bugali kufuatana na akili yako.”

Norbert alinisindikiza mpaka barabarani. Hakunigombeza. “Siku ingine sema tu: miye sijue. Haiue muntu.” Nikamkubalia kwa moyo wote. Macho yalilowa kidogo. Nimebadilika.

Jumatatu, 17 Machi

Wageni wawili kutoka Runingu. Mzee Bigirimana na binti yake Belyse. Gurudumu la mashine yao ya kusaga limevunjika, na kijiji kizima kinakula mahindi ya kuchemsha. Wamesikia Uvira kuna fundi Norbert aliyeokoa pampu kwa kompyuta. Wanamtafuta. Norbert mwenyewe yupo nyumbani, mlango wazi, nilimwona asubuhi akifua.

Nikawaambia Norbert ni mimi.

Belyse akauliza kama warudi kulileta gurudumu la zamani nipime. Nikasema hakuna haja ya kusumbuka na njia yenyewe ni ya vita. Baba yake akapanua mikono kunionyesha ukubwa. Nimeandika: upana wa mikono ya Mzee Bigirimana.