Profesa Kiinimacho na Ndafu ya Mzee Melkiori

Jumatatu, 5 Agosti 2024
Aibu! Zeina, binti wa jirani yangu Rasha, karudi shule analia. Aliwaapia wenzake kwamba Profesa Kiinimacho, yaani mimi, hupoteza kitu chochote na kukirudisha. Mwenzake mmoja, Rogath, akamwita mwongo. Darasa zima likacheka. Eti hata baba yake Rogath hajawahi kunisikia! Kweli sijapanda jukwaani tangu ukumbi wetu pale Ilala ugeuzwe ghala la vigae. Lakini kutonisikia kabisa? Nimemwambia Zeina afute machozi. Jina lake litasafishwa.

Jumanne, 6 Agosti
Nimemfuata huyo baba, Mzee Melkiori, dukani kwake Kariakoo. Jumamosi anamfanyia binti yake Vicky sendofu, sherehe ya kumuaga kabla ya ndoa. Nikaahidi kuipoteza ndafu mbele ya wakwe, kisha niirudishe. Akafoka kwamba ndafu ni mbuzi mzima wa kuchoma, wa heshima, siyo karata, na Mchaga asipoiona anabeba koti lake anaondoka. Nikamjibu ndiyo maana nitairudisha. Akakataa. Mkewe akamkumbusha kwamba vichekesho vya MC wao vinalaza watu. Nimepewa nafasi! Zeina kanitangulia njia nzima, akisukuma watu kando kama mlinzi wa rais.

Alhamisi, 8 Agosti
Sikukuu ya Nane Nane, mazoezi. Meza yangu ina tumbo la siri chini ya kitambaa cheusi. Tukajaribu na jogoo wa mama mwenye nyumba. Alipotea vizuri sana. Kisha akawika humo humo. Zeina akasema, "Babu, ndafu haiwiki." Mtoto ana akili huyu!

Jumamosi, 10 Agosti
Ndafu iliingia kwa vigelegele, majani mdomoni. Nikafunika. Nikapuliza. Nikafunua: hakuna! Rogath mdomo wazi. Zeina akamwambia, "Si nilikwambia, wewe!"
Hapo ningeirudisha. Lakini makofi yale! Nikashuka na kipaza sauti, nikawapa historia yangu kwa kirefu. Kumbe mkata ndafu, Mzee Benedict, hajui mazingaombwe, anajua tu kwamba ndafu haikatwi ikishapoa. Akaifuata mezani kwa nyuma, akaenda nayo jikoni.
Nikafunua tena. Ndimu moja tu ya pambo lake!
Wakwe wakaanza kushika makoti. Melkiori akanijia. Zeina akapanda juu ya kiti: "Jamani kaeni! Inarudi! Profesa hajawahi kushindwa!"
Mlango wa jikoni ukafunguka. Sinia kwa sinia, nyama ikafika kila meza. Ukumbi ukalipuka. Mkwe mkubwa kanikumbatia kwa mikono yenye mafuta.
Nilipanga hivyo tangu mwanzo.

Jumatatu, 12 Agosti
Rogath kaomba radhi mbele ya darasa. Baba yake kanipiga marufuku dukani, wivu tu. Zeina, kwa furaha, kawaahidi wenzake kwamba Ijumaa nitampoteza mwalimu mkuu. Mtu mwingine angemkanya. Mimi nimeenda geti la shule kumpima kwa macho. Mnene kidogo, ila anakunjika.