Saa Moja Iliyoko Nakonde

Jumatatu, 3 Februari 2025
Nimegundua kwa nini nchi nyingine zinakua na nyingine zinadumaa! Mtaalamu redioni kasema siri ni kile mtu anachozalisha kwa kila saa. Basi! Hapa Tunduma ikiwa saa kumi na mbili, ng'ambo ya mpaka, Nakonde, ni saa kumi na moja. Wazambia wana saa ya akiba! Nimemweleza Wilbard, jirani yetu sokoni. Akasema nchi hukuzwa na barabara, shule na watu kuwahi kazini. Wivu tu.

Jumatano, 5 Februari
Jioni nimevuka na debe la maharage kichwani, nikauze kwenye saa ile ya ziada. Nikakuta watu wanafunga biashara. Kumbe jua lao linazama pamoja na letu! Hujuma. Nimerudi na debe lilelile, shingo imepinda.

Alhamisi, 6 Februari
Mbinu mpya: saa ya ziada nitailala. Nimeweka laini ya Zambia, simu yenyewe ikarudi nyuma saa moja. Mke wangu Gwantwa haoni faida. Anawaza jambo moja tu: kesho saa tatu kamili ni kura ya vizimba sokoni. Miaka miwili anauzia maharage kwenye turubai chini, mvua yake, jua lake. Jina lililoandikishwa ni langu, na asiyekuwepo anarukwa. Yeye alfajiri anakwenda Hasamba kufuata mzigo. Kanisihi mara tatu nisichelewe. Mimi!

Ijumaa, 7 Februari
Nimelala vizuri sana. Nikafika sokoni saa tatu kasoro dakika tano, shati limepigwa pasi. Watu wanatawanyika! Mama Jenista, katibu wa soko, akasema kaniita mpaka kachoka, na sasa inakaribia saa nne. Nikamwonyesha simu. Akaniuliza kama soko lake liko Zambia. Wilbard kapata kizimba cha kona, chenye bati. Nimeona aibu mpaka masikio yakawaka. Gwantwa karudi jioni na gunia lake. Akaitazama saa ya simu yangu, kisha akaanza kukung'uta turubai.

Jumamosi, 8 Februari
Mvua tangu asubuhi. Wilbard kamgawia Gwantwa nusu ya kizimba. Kakubali! Na kasema kura ijayo ataandikisha jina lake mwenyewe. Nimebaki peke yangu kwenye turubai, nimelowa chapachapa, natafuta nilipokosea. Nimepaona! Saa moja ni kidogo mno. Dereva wa lori kaniambia Kinshasa wako nyuma yetu kwa saa mbili nzima. Kesho naulizia laini ya Kongo.